Kioo Hakisemi Kweli Yote

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo naomba nianze na kanga.

Miaka michache iliyopita nilinunua doti ya kanga nikaipeleka kwa fundi cherehani amshonee shangazi yangu gauni la sikukuu. Fundi alifanya kazi safi. Pindo lilikaa mahali pake, mshono ulinyooka, vipimo havikukosewa. Shangazi alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka kutazama mgongo, kisha akaniita. "Baba," akaniambia, "umeniletea nguo au umeniletea fumbo? Maneno haya yamesimama kichwa chini." Kweli bwana, jina la kanga lilikuwa limepinduka. Nilipokwenda kumlalamikia fundi, alinijibu bila hata kuacha kukanyaga cherehani: "Kaka, maua ni yale yale. Ukigeuza hivi sawa, ukigeuza hivi sawa. Mimi nimetazama maua."

Niliondoka nimekasirika, lakini jibu lile lilinikaa kichwani. Fundi alisema kweli. Kanga nyingi zimepangwa hivyo: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na ua la kona hii lina mwenzake kona ile. Igeuze juu chini, macho hayatambui tofauti. Kitu kimoja tu kinakataa kugeuzwa, nacho ni jina. Na tuseme ukweli, ni nani anayenunua kanga bila kusoma jina? Sehemu ile moja inayovuruga mpangilio ndiyo inayoifanya kanga iseme.

Wanahisabati wanayo maneno kwa mambo haya mawili. Kitu kinapogeuzwa, kikahamishwa au kikatazamwa kwenye kioo na bado kikabaki vile vile, wanasema kina ulinganifu. Kinapopatikana kitu cha kuuharibu, wanasema ulinganifu umevunjika. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si ya fizikia, na nikikosea wataalamu watanisamehe. Lakini historia ya jambo hili nimeifuatilia kwa muda mrefu, na ninaamini inatuhusu hata sisi tusiojua kupiga hesabu.

Tuanze na mafundi wa zamani. Mjini Granada, kusini mwa Hispania, liko jumba la Alhambra, lililojengwa na wafalme Waislamu waliotawala huko hadi mwaka 1492. Kuta zake zimepambwa kwa vigae vinavyoungana bila kuacha pengo, nyota kwa nyota, pembe kwa pembe. Mafundi wale hawakuwa na vitabu vya nadharia. Ilipofika mwaka 1891 ndipo Mrusi mmoja, Fedorov, alipothibitisha kwa hesabu kwamba njia za kurudiarudia pambo juu ya ukuta ni 17 tu, hazizidi hata moja. Mchoraji wa Uholanzi, M. C. Escher, alifika Alhambra mwaka 1922, akarudi mwaka 1936, akakaa siku kadhaa ananakili vigae hivyo kwa penseli. Aliporudi kwao akaziondoa nyota akaweka ndege, samaki na mijusi, kila mmoja akijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake.

Hapa kwetu pwani pia, mtazame mlango wa nakshi wa Unguja au Lamu. Vipande viwili, kulia na kushoto, vinatazamana kama ndugu pacha. Lakini katikati upo mfaa, ule mti uliosimama wima, nao umepigiliwa kwenye kipande kimoja tu. Ungegawanywa nusu kwa nusu kwa ajili ya haki, mlango usingefungika.

Sasa twende kwa wanasayansi. Wao walifika mbali zaidi ya mafundi, kwa sababu waliufanya ulinganifu kuwa msingi wa sheria za maumbile. Mwaka 1918, mama mmoja Mjerumani, Emmy Noether, alitoa uthibitisho ambao fizikia yote inauegemea hadi leo. Alionyesha kwamba kila ulinganifu wa namna fulani katika sheria za maumbile unazaa kitu kisichopotea. Kwa kuwa sheria za leo ni zile zile za kesho, nishati haipotei. Huyu ni mwanamke ambaye, katika Chuo Kikuu cha Göttingen, kwa miaka kadhaa alifundisha bila mshahara, na masomo yake yakitangazwa kwa jina la profesa mwanamume. Mkumbuke, maana baadaye tutakutana na mwenzake.

Miongoni mwa linganifu zote, ulioaminiwa kuliko yote ulikuwa ule wa kioo. Wanafizikia waliamini kwamba maumbile hayajui kulia wala kushoto. Tukio lolote likitazamwa kwenye kioo, lile unaloliona kiooni nalo linaweza kutokea duniani, kwa sheria zile zile na kwa urahisi ule ule.

Mtu angeweza kuuliza: mbona moyo wetu uko kushoto? Mbona lugha yetu wenyewe inauita mkono mmoja "wa kulia", yaani mkono wa kulia chakula, na wazee wakauita pia mkono wa kuume, na ule mwingine wakauita wa kike? Jibu la wataalamu lilikuwa kwamba hayo ni mazoea ya viumbe, hayamo katika sheria. Hata Louis Pasteur alipogundua jambo kubwa mwaka 1848, halikuitikisa imani hiyo. Akiwa kijana wa miaka 25, alichukua fuwele za chumvi ya asidi itokanayo na mvinyo, akaona chini ya hadubini kwamba ziko za aina mbili, zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Akazitenganisha moja moja kwa koleo dogo. Baadaye ikajulikana kwamba viumbe hai huchagua upande: protini za miili yetu zimejengwa kwa malighafi ya upande wa kushoto. Na mwenzake Pierre Curie akaandika mwaka 1894 kwamba ili tukio litokee, lazima ulinganifu fulani uwe umekosekana. Lakini sheria zenyewe za maumbile? Hizo hakuna aliyezishuku.

Ndipo ikafika miaka ya 1950. Katika mashine za kugonganisha chembe, kulionekana chembe mbili zilizowatatiza wataalamu. Zilikuwa na uzito mmoja na umri mmoja, mithili ya mtu mmoja mwenye vitambulisho viwili. Lakini moja ilipovunjika ilitoa vipande viwili, na nyingine ilitoa vitatu, na kwa sheria ya kioo haikuwezekana ziwe chembe moja. Mwaka 1956, Wachina wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Tsung-Dao Lee aliyekuwa na miaka 29 na Chen Ning Yang wa miaka 33, waliketi wakauliza swali ambalo mtoto wa shule angeweza kuliuliza: hivi sheria ya kioo imewahi kupimwa?

Walipekua majaribio ya miaka mingi. Kwa nguvu ya umeme na sumaku, imepimwa, na imesimama. Kwa nguvu inayokishika kiini cha atomi, imepimwa. Lakini kwa ile inayoitwa nguvu dhaifu, inayosababisha baadhi ya viini kuoza na kutoa mnururisho, hakukuwa na jaribio hata moja lililoigusa. Watu walikuwa wameamini tu, kwa sababu ni jambo zuri na kila mtu alikuwa akiliamini. Lee na Yang waliandika makala, wakapendekeza namna za kupima. Wakubwa wengi wa fizikia waliona ni kupoteza wakati.

Mtu mmoja hakuona hivyo. Naye alikuwa Chien-Shiung Wu, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1912 katika mji mdogo karibu na Shanghai. Baba yake alianzisha shule ya wasichana wakati ambapo wengi waliona kumsomesha binti ni kumwagilia shamba la jirani. Wu alikwenda Marekani mwaka 1936, akapata udaktari mwaka 1940, na kufikia miaka ile ya 1950 alikuwa bingwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa mambo ya uozo wa viini. Mwaka huo wa 1956 yeye na mumewe, ambaye pia alikuwa mwanafizikia, walikuwa wamekwishakata tikiti za meli kwenda Ulaya na Mashariki ya Mbali, kuadhimisha miaka 20 tangu waiache China. Aliposikia swali la Lee alimwambia mumewe atangulie peke yake, maana alihofia kwamba wengine wakiamka jaribio litamponyoka.

Jaribio lenyewe nitalieleza kwa mfano wa pia, ile tuliyokuwa tukiichezea utotoni. Weka kioo kando ya pia inayozunguka. Ikiwa pia yako inazunguka kuelekea kulia, ya kwenye kioo itazunguka kuelekea kushoto. Lakini juu itabaki juu na chini itabaki chini. Sasa, viini vya kobalti-60, madini yale yale yaliyotumika miaka mingi hospitalini kutibu saratani, vinazunguka kama pia, na vikioza vinarusha elektroni. Kama maumbile hayajui kulia na kushoto, pia inayozunguka huku na ile inayozunguka kule lazima zitende sawa, yaani elektroni zirushwe juu na chini kwa idadi moja. Zikipendelea upande mmoja, pia ya duniani na pia ya kiooni zitakuwa zinafuata sheria mbili tofauti.

Kazi ilikuwa kuzipanga pia hizo zielekee upande mmoja, maana joto linazitikisa. Ilibidi kobalti ipozwe hadi sehemu ndogo sana ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri, ndipo sumaku iweze kuzipanga. Columbia hawakuwa na mitambo hiyo. Wu akaungana na wataalamu wa baridi wa taasisi ya taifa ya vipimo mjini Washington, Ernest Ambler na wenzake watatu, Hayward, Hoppes na Hudson, akawa anasafiri kwa treni kati ya New York na Washington majira ya theluji huku akifundisha. Mwisho wa Desemba 1956 hesabu zilianza kuonyesha jambo la ajabu. Elektroni nyingi zilikuwa zikirushwa upande mmoja, kinyume na mwelekeo wa mzunguko. Waligeuza sumaku, nazo elektroni zikageuka. Hawakutangaza. Walirudia tena na tena, wakitafuta kosa lao wenyewe, hadi Januari 9, 1957, saa 8 usiku, walipokubali kwamba kosa halipo, wakanywa mvinyo kwa vikombe vya karatasi.

Yupo aliyekuwa tayari kuwekeana nao dau. Wolfgang Pauli, mmoja wa wakubwa wa fizikia ya karne ya 20, aliandika barua Januari 17, siku mbili baada ya Columbia kutangaza habari hizo, naye akiwa hajazipata. Alisema haamini kwamba Mungu ni mtu wa mkono wa kushoto, na kwamba yuko tayari kuweka fedha nyingi kuthibitisha hivyo. Muda si muda habari zikamfikia, na kwa mzaha akashukuru kwamba hakuna aliyelikubali dau, maana yeye heshima kidogo anaweza kuipoteza, fedha hapana.

Mwaka huo huo wa 1957 Lee na Yang walipewa tuzo ya Nobel, wakawa Wachina wa kwanza kuipata. Wu hakupewa. Waliowaza walituzwa, aliyepima akaachwa, na wale wanne wa Washington walioleta baridi hawatajwi sana hata leo. Mwaka 1978 Wu alipewa tuzo ya Wolf ya fizikia, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Alirudi China mwaka 1973, wakati huo wazazi wake wote wawili wamekwishafariki. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1997, na mwaka 2021 Marekani ikatoa stempu ya posta yenye picha yake. Lee alifariki mwaka 2024, na Yang mwaka 2025 akiwa na miaka 103.

Baada ya kioo kuanguka, wanafizikia walijaribu kukiokoa, na hapo ndipo Escher anaporudi. Mchoraji huyu alikuwa na mchoro wa wapanda farasi: weupe wanakwenda huku, weusi wanakwenda kule, wakijaza karatasi nzima. Ukiutazama kwenye kioo, haulingani na wa awali. Lakini ukiutazama kwenye kioo na papo hapo ukabadilisha rangi, weupe wakawa weusi na weusi wakawa weupe, unalingana sawasawa. Yang aliuweka mchoro huo katika kitabu chake kidogo cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa tumaini la wenzake: kwamba kioo peke yake kimeshindwa, lakini kioo pamoja na kubadilisha mata kuwa kinyume chake, antimata, kitasimama.

Nacho kikaanguka. Mwaka 1964, James Cronin na Val Fitch waligundua, pamoja na wenzao, kwamba kama mara mbili katika kila elfu moja, chembe fulani inaivunja hata sheria hiyo mpya. Mara mbili kwa elfu ni kitu gani? Mwaka 1967 Mrusi Andrei Sakharov alionyesha uzito wake. Ulimwengu ulipoanza, mata na antimata zilipaswa kuwa sawa kwa sawa, na zikikutana zinateketezana zikabaki mwanga mtupu. Ili ibaki mata ya kutengeneza nyota, mnazi, na wewe msikilizaji, ilihitajika tofauti ndogo, kiasi cha chembe moja ya ziada katika kila bilioni. Tofauti aliyoiona Cronin peke yake haitoshi kuieleza ziada hiyo, na watafiti bado wanaendelea kuisaka nyingine. Lakini bila ulinganifu kuvunjika mahali fulani, tusingekuwapo wa kuuliza.

Kuna na namna nyingine ya kuvunjika, iliyo ya upole zaidi. Mfano wake unahusishwa na Abdus Salam wa Pakistani, aliyepata Nobel mwaka 1979 pamoja na Glashow na Weinberg, na ambaye kituo alichokianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kimewapokea wanasayansi wengi wa Afrika. Wageni wameketi meza ya duara, na kati ya kila sahani mbili kuna kitambaa kimoja. Cha kulia au cha kushoto, kipi ni chako? Vyote sawa. Lakini mgeni wa kwanza akichukua cha kulia, wote hawana budi kuchukua cha kulia. Sheria haikupendelea, ila hali imechagua. Kwa wazo la namna hiyo, Peter Higgs na wengine walitabiri mwaka 1964 chembe iliyokuja kuonekana Geneva, tangazo likatolewa Julai 4, 2012.

Ndugu msikilizaji, huenda unajiuliza haya yote yananihusu nini mimi mtu wa redio. Nitakueleza, ingawa si jambo la kujivunia.

Katika chuo cha uandishi tulifundishwa kwamba habari njema ina mizani. Msikilize huyu, msikilize na yule, wape muda sawa. Ni kanuni nzuri, nami naiheshimu. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza kipindi kuhusu wakazi wa mtaa mmoja waliolalamika kwamba kisima chao kimeharibiwa na maji machafu ya kiwanda cha jirani. Wakazi niliwapa dakika saba, na msemaji wa kiwanda dakika saba. Kila lalamiko lilipata jibu lake, kama ua na ua mwenzake kwenye pindo la kanga. Mhariri alinisifu. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa mtaa ule alinifuata hadi getini akiwa na karatasi ya vipimo vya maabara, ile ile aliyonionyesha siku ya kurekodi. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, sisi tulileta karatasi, wao walileta maneno. Mbona redioni tulisikika sawa?"

Sikuwa na jibu. Kipindi changu kilikuwa na ulinganifu kamili, na kwa ulinganifu huo niliwadanganya watu. Nilitazama maua, jina sikulisoma.

Ndiyo maana habari za mama Wu haziniishi hamu. Hakuichukia sheria ya kioo, wala hakutaka sifa ya kuivunja. Alisema jambo likiaminiwa na wote bila kupimwa, lipimwe. Na lilipopimwa likaonyesha upande, aliuandika upande huo. Kuwasikiliza wote wawili ni mwanzo wa haki. Baada ya hapo pana kazi ya kupima, na vipimo havina wajibu wa kutoka sare ili kumridhisha mtangazaji.

Kipindi kile nilikirudia, safari hii nikaisoma karatasi ya maabara hewani, tarakimu kwa tarakimu. Kiwanda kilinilalamikia kwa barua kwamba nimeegemea upande. Barua hiyo ninayo hadi leo.

Na gauni la shangazi? Alilirudisha kwa fundi mwenyewe, kwa miguu yake, akasimama pale hadi likafumuliwa na kushonwa upya. Fundi alinung'unika kwamba sasa ua moja la bega la kushoto limekatika, halilingani na la kulia. Shangazi akamjibu: "Liache likatike, mwanangu. Mimi nataka wanisome."

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, tuonane hapa hapa.